Kuziba panapovuja, kuvuna mvua au kutumia maji mara mbili: uanze na lipi?

Kuna swali linarudi kila watu wakianza kuongelea maji ya nyumbani: nina hela kidogo na nguvu kidogo, niziweke wapi? Ninunue tangi nikinge mvua, nitengeneze njia ya maji ya kuogea yaende bustanini, au nimwite fundi bomba azibe na kubadilisha vilivyopo? Na majibu mengi unayopewa ni mtu anatetea alichofanya kwake, mwenye tangi atakwambia nunua tangi, mwenye bustani atakwambia usimwage hata tone. Basi tuzipitishe zote tatu kwenye maswali yale yale, mwisho utajijua mwenyewe uko upande gani.

Maswali ni haya. Unapata au unaokoa maji kiasi gani, na lini (hilo "lini" watu wanalisahau na kwangu ndo lenye uzito kuliko yote). Gharama na kazi ya kuanzia. Usumbufu wa kila siku, maana jambo linalotaka uinue ndoo kila jioni linaweza kufa ndani ya wiki mbili hata kama mlianza kwa shangwe. Afya. Halafu je, nyumba ni yako au umepanga?

Ila kabla hujachagua chochote, pima. Weka ndoo ya lita 20 chini ya shawa au bomba, washa saa ya simu. Ikijaa kwa dakika mbili ujue hapo zinatoka lita 10 kwa dakika, kwa hiyo anayeoga dakika saba kamaliza lita 70, wakati anayeoga kwa ndoo na kopo hafiki hata 20. Ndo maana ushauri wa "badilisha shawa" unaweza kuwa dhahabu kwa jirani na kwako ukawa hauna kazi kabisa. Kama una mita, isome usiku wote wakishalala, kila koki imefungwa, kisha isome tena asubuhi kabla mtu hajagusa bomba. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanatembea bila ruhusa yako.

KUZIBA NA KUPUNGUZA

Maji kiasi gani na lini. Hapa hupati maji mapya, unaacha kupoteza uliyonayo. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linaonekana halina neno, lakini matone manne ya bomba ni kama mililita moja na siku ina sekunde 86,400, piga hesabu utakuta zaidi ya lita 20 kwa siku, yaani ndoo nzima inaondoka na hakuna aliyeoga.

Lakini kwenye nyumba yenye choo cha kuflashi mwizi mkubwa mara nyingi ni choo chenyewe. Ile raba ya chini ndani ya tangi la flashi ikichakaa, au ikishika chumvichumvi isikae sawa, maji yanateleza kuingia kwenye bakuli usiku na mchana, hakuna kelele, hakuna sakafu iliyolowa, na ikiwa mbaya yanaweza kufika mamia ya lita kwa siku. Kumkamata ni rahisi: subiri kama nusu saa baada ya flashi ya mwisho, futa ukuta wa nyuma wa bakuli ukauke, bandika karatasi ya chooni kavu pale juu ya usawa wa maji. Ikichora mstari wa unyevu kutoka juu kwenda chini, umempata. Au tia rangi ya chakula ndani ya tangi, usiflashi kwa dakika kama 15, ukikuta rangi imeshuka kwenye bakuli basi raba imekwisha kazi yake. Na angalia pia boya, kuna matangi maji yanapanda mpaka yanamwagikia kwenye lile bomba la katikati na mwenye nyumba anadhani ule mlio ni kawaida tu.

Halafu kuna ukubwa wa flashi. Matangi ya zamani yanakula lita 9, mengine 13 na zaidi, kila unapobonyeza. Marekani waliweka kwenye sheria ya 1992 kwamba vyoo vipya visizidi kama lita 6, na vile vya vitufe viwili, ambavyo vilianzia Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, siku hizi vingi ni lita 6 kwa kubwa na 3 kwa ndogo. Chukua watu wanne, kila mmoja aende mara tano kwa siku: kwa tangi la lita 9 hiyo ni lita 180. Kwa vitufe viwili, kubwa moja na ndogo nne kila mtu, ni lita 72. Umeokoa 108 kila siku, iwe masika iwe kiangazi. Ikumbuke hiyo 108, tutakutana nayo mbele.

Kama huna uwezo wa kubadilisha choo, zamisha ndani ya tangi chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyojazwa maji na kufungwa vizuri, hakikisha haigusi boya wala raba. Kwa zile flashi ishirini ni lita 30 kwa siku bila kununua kitu. Usitumie tofali, linamomonyoka na mchanga wake unakwenda kukaa palepale kwenye raba.

Gharama na kazi. Kuziba ndo rahisi kuliko vyote, washa (kile kipete cha raba ndani ya koki), raba ya choo, koki moja mbili na nusu siku ya fundi. Kubadilisha choo kizima ni habari nyingine.

Usumbufu. Karibu hakuna. Unarudia kukagua mara moja au mbili kwa mwaka, basi.

Afya. Hakuna tatizo la maana. Ila ukikibana choo ambacho hakikutengenezwa kwa maji kidogo utajikuta unaflashi mara mbili, na mabomba marefu yenye mteremko mdogo yanaanza kuziba, hapo umejiongezea shida. Na kwa nyumba ambayo maji yanashuka kutoka tangi lililoinuliwa kidogo tu, presha tayari ni ndogo, ukifunga shawa ya kubana maji utasimama pale unasubiri povu litoke kichwani mpaka uchoke.

Nyumba yako au umepanga. Mpangaji anaweza chupa, washa, na zile wavu za kufunga mdomoni mwa bomba zinazochanganya maji na hewa. Choo kipya ni mazungumzo na mwenye nyumba.

Inamfaa mtu mwenye maji ya bomba ya uhakika kiasi na bili inayomuuma. Inachokosa ni kwamba maji yakikatika, raba yako mpya haitakupa hata kikombe.

KUVUNA MVUA

Maji kiasi gani na lini. Hesabu yake ni tamu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Unapima eneo ambalo paa linafunika chini, siyo urefu wa mteremko wa bati. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 25, ni lita 1,000 kwenye karatasi, lakini kuna yanayoruka, yanayokauka na yanayomwagika kwenye kona ya gata (ule mfereji wa ukingoni mwa paa), kwa hiyo toa kama asilimia 20 ubaki na 800. Bati linatoa vizuri, vigae vinakunywa kidogo, makuti na nyasi vinakunywa sana na maji yake yanatoka na rangi.

Sasa twende kwenye mwezi mzima wenye mvua ya milimita 100. Paa lile lile litakupa lita 3,200, ukigawa kwa siku 30 ni kama 107 kwa siku. Unaona? Karibu sawa kabisa na ile 108 ya choo. Tofauti ni kwamba ya choo haiulizi hali ya hewa na ya paa inauliza, mwezi mkavu unapata sifuri. Lakini ya paa ni maji halisi, unayachota, unayabeba, unafulia, wakati ya choo ni maji tu ambayo hukuyatumia. Anayekaa siku nne bila bomba kutoa kitu haelewi kabisa habari ya "kuokoa", anataka kilichopo ndani ya pipa, na ana haki.

Ndo maana kwenye mvua kinachoamua ni tangi kuliko paa. Paa la mita 40 linajaza pipa la lita 200 kwa mvua ya milimita sita na kidogo, baada ya hapo yote yanamwagika nje na wewe unaangalia dirishani. Anza na swali la kiangazi: nitatumia lita ngapi kwa siku kutoka kwenye tangi, na kiangazi ni siku ngapi? Lita 40 kwa siku kwa siku 90 ni lita 3,600. Kama tangi hilo huliwezi, sawa, nunua dogo lakini ulihesabu kama msaada wa wiki, lisikupe matumaini ya msimu mzima.

Gharama na kazi. Hapa ndo pazito. Tangi, gata, mabomba ya kushushia, wavu, na msingi, na msingi watu wanaudharau sana. Lita 1,000 za maji ni tani moja, ukiliweka tangi juu ya matofali yaliyopangwa tu kwenye udongo laini litaegama lichanike pale bomba linapoingia. Gata lenyewe liwe na mteremko, maji yasilale.

Usumbufu. Wa kimsimu. Kusafisha gata kabla ya mvua kuanza, kutoa majani kwenye wavu, kuosha tangi mara moja moja. Halafu kuna maji ya kwanza ya mvua, yale yanayoosha vumbi na vinyesi vya ndege juu ya paa, hayo hayatakiwi kuingia. Kipimo cha kawaida ni kumwaga kama milimita ya kwanza, kwa paa la mita 40 ni lita 40. Njia nyepesi ni bomba la kusimama lililozibwa chini: maji ya kwanza yanajaza humo, likijaa yanayofuata yanapita juu kwenda tangini, na chini unaacha tundu dogo ili lijimwage polepole lijitayarishe kwa mvua ijayo. Tundu hilo linaziba, litazame.

Afya. Kwa kufua, kudeki, kuflashi na kumwagilia hakuna shida, na kwa kufua ni mazuri hasa maana ni maji laini, sabuni inatoa povu haraka. Kunywa ni mpaka uyachemshe au uyatibu. Paa lenye rangi ya zamani yenye madini ya risasi (lead) usikinge ya kunywa kabisa, risasi haiondoki kwa kuchemsha. Na mbu! Tangi lisilofunikwa, au bomba la kufurikia lisilo na wavu, ni kiwanda, kwenye joto yai la mbu linafika kuwa mbu kamili kwa wiki moja hivi. Funika, weka wavu kila tundu, mwanga usiingie, ukiingia tangi linaota kijani.

Nyumba yako au umepanga. Kwenye nyumba yako, sawa. Mpangaji wa chini anaweza kuweka pipa chini ya paa na akahama nalo. Wa ghorofani, samahani, paa siyo lako.

Inamfaa mwenye paa zuri, nafasi ya tangi, na maji ya bomba yasiyo na ratiba. Kuna sehemu hawana hata hiari: kisiwa cha Bermuda hakina mito, na sheria inataka nyumba ikinge mvua kwa paa lake, ndo maana mapaa yake yamejengwa kwa ngazi ngazi na kupakwa chokaa nyeupe, na chini ya nyumba kuna tangi.

KUTUMIA MAJI MARA YA PILI

Maji kiasi gani na lini. Tunaongelea maji ya kuogea, kunawia na kufulia. Ya chooni hayamo, na ya kuoshea vyombo mimi nayaacha nje pia kwa sababu ya mafuta na mabaki ya chakula, yananuka haraka na kuziba njia. Watu wanne wanaooga kwa ndoo wanatoa kama lita 80, wanaooga kwa shawa ya lita 10 kwa dakika kwa dakika saba wanatoa 280. Uzuri wake ni huu: yapo kila siku, kiangazi hayakauki maadam watu wanaoga. Ubaya ni kwamba kazi zake ni chache, choo na mimea, huwezi kuyarudisha kuogea.

Gharama na kazi. Inaanzia sifuri, beseni la kusimamia ukiwa unaoga na ndoo ya kuchotea, mpaka mabomba ya kugeuza maji yaende shambani yenye koki ya kuchagua bustani au mfereji wa maji taka. Mfumo wenye pampu na vichujio mimi kwa nyumba ya kawaida siupendi sana, vichujio vya nywele na povu vinataka kusafishwa mara kwa mara na hakuna anayeipenda kazi hiyo. Maji yashuke yenyewe kwa mteremko, yaishie kwenye shimo la duara kuzunguka mti lililojazwa matandazo (nyasi au majani makavu). Ukiweza kuishia hapo, ishia hapo.

Usumbufu. Mkubwa kuliko zote, tusidanganyane. Kwa njia ya ndoo ni kila siku, na kuna namna yake. Ukitaka kuflashi usiyamwage kwenye tangi la flashi, sabuni na nywele zitaharibu raba na tangi litanuka, yamwage moja kwa moja kwenye bakuli. Nusu ndoo au pungufu kidogo, kwa mkupuo mmoja, ukilenga lile shimo. Ukimwaga taratibu kwa huruma maji yatapanda kidogo na kushuka, uchafu utabaki unakutazama, halafu unaongeza ndoo ya pili na kile ulichookoa umekirudisha.

Afya. Hapa sheria ni nyingi zaidi. Usiyaweke zaidi ya siku moja, baada ya saa 24 yanaanza kuoza na harufu itakufukuza. Usirushie majani, mwaga chini kwenye udongo, na usimwagilie mboga za kuliwa mbichi wala mizizi kama karoti. Miti ya matunda na maua, sawa. Maji yaliyofulia nepi, au ya mgonjwa wa kuhara, yaende moja kwa moja kwenye maji taka. Usiunganishe bomba lake na la maji safi hata fundi akikwambia haina shida. Na angalia sabuni: za unga nyingi zina chumvi ya sodiamu nyingi inayougandisha udongo, ya maji kwa kawaida ina nafuu, na siku uliyotia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe mimea isipewe. Ukiona ncha za majani zinaungua na udongo unatengeneza gamba juu, pumzisha hapo, mwagilia maji safi au subiri mvua iusuuze.

Nyumba yako au umepanga. Ndoo na beseni hazihitaji ruhusa ya mtu, hata ghorofani. Kukata mabomba ni lazima mwenye nyumba akubali, na sehemu nyingine kuna kanuni za ujenzi, uliza kwanza.

Inamfaa mwenye miti au bustani, au aliyebanwa kweli kweli. Cape Town mwaka 2018, mabwawa yalipokaribia kukauka, watu waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, na kuflashi kwa maji ya kuogea kukawa jambo la kila nyumba. Kwenye dharura kama hiyo hakuna njia ya haraka kuliko beseni.

ZIKIKUTANA

Hizi tatu zinasukumana. Ukishapunguza, tangi lako la mvua linadumu siku nyingi zaidi bila kuongeza hata lita moja ya ukubwa, kwa hiyo pima tangi baada ya kupunguza. Ila ukipunguza, maji ya mara ya pili nayo yanapungua, mtu aliyejenga mfumo wa bomba kwa hesabu ya lita 280 halafu familia ikahamia kuoga kwa ndoo anabaki na mfereji mkubwa unaopitisha kijito. Na kufua kwa maji ya mvua kunataka sabuni kidogo, kwa hiyo maji yanayotoka pale yana chumvi kidogo, bustani itafurahi.

SASA WEWE UKO WAPI?

Bili inapanda na hujui kwa nini: mita usiku, karatasi kwenye choo, kabla hujanunua chochote. Kununua tangi la kuhifadhia maji huku choo kinavuja ni kukinunulia choo hicho chakula.

Maji yanakatika siku kadhaa na una paa: mvua, lakini kama mfuko ni mdogo anza na gata zuri upande mmoja wa paa na tangi utakaloweza, msingi usiupunje, upande wa pili utakuja baadaye.

Maji yanakatika na unakaa ghorofani: kuhifadhi maji ya bomba siku yanapotoka, beseni la kuogea, na choo cha kumwagia kwa ndoo. Siyo raha ila inafanya kazi.

Mvua yenu inanyesha miezi miwili mitatu kisha inapotea, na una miti: maji ya kuogea kwa mteremko yatakusaidia kiangazi kuliko tangi dogo lililokauka mwezi wa kwanza wa kiangazi. Kama tangi kubwa unaliweza, hesabu inageuka.

Nyumba ina mtoto mchanga, mgonjwa au mzee asiyeweza kuinua: njia ya ndoo iache kwanza, nguvu iende kwenye kuziba na kwenye choo cha vitufe viwili, na kama kuna tangi weka koki chini mahali anapofika bila kupanda kitu.

Unajenga sasa hivi: hapo una bahati, tenganisha bomba la bafuni na la chooni toka mwanzo hata kama hutatumia leo, na acha nafasi ya tangi chini ya kona ambayo paa linashukia. Kuvunja sakafu baadaye ili kutenganisha mabomba ni kazi ambayo wengi wakishaambiwa gharama yake wanaiacha.